Mganda Si Mgeni

Nitasema hii kitu mapema ndio mkianza kunitusi mjue mnanitusia nini. Mchezaji wa Uganda akija kucheza Gor Mahia hafai kuhesabiwa kama mgeni. Wala wa Tanzania, wala wa Rwanda, wala wa Burundi, wala wa Congo. Sheria yetu inayosema klabu isipite wachezaji watano wa kigeni inamtia kapu moja jirani aliyevuka hapo Busia na mtu ametoka Brazil. Na nyinyi mnaipigia makofi mkisema eti inalinda vijana wetu.

Hailindi mtu. Anayeumia kuliko wote ni huyo huyo kijana mnayesema mnamlinda.

Najua nimegusa pabaya. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, wimbo ni ule ule: "Wageni wa nini? Si tuko na talanta mtaani?" Tuko nayo, sikatai. Nimetazama mechi za mtaani zenye vumbi mpaka kwa meno na nimeona watoto wanaweza kukuacha umekaa chini. Lakini swali langu ni moja: hao watoto wakikua, mnataka wacheze wapi?

Kota ni viti, na viti ni doo

Tuelewane kwanza vile hii maneno inafanya kazi. Klabu ikipewa nafasi tano za wageni, hizo nafasi zinakuwa viti vitano kwa matatu. Kocha hatampa kiti beki wa kulia mzuri wa kawaida. Atampa straika, kwa sababu shabiki anataka magoli. Kingine kitaenda kwa kiungo mchezeshaji. Kingine winga. Labda kimoja difenda wa kati mwenye mwili. Basi, matatu imejaa.

Kwa hivyo mchezaji akitaka kwenda nje, haitoshi awe mzuri kuliko wenyeji wa huko. Lazima awe mzuri kuliko wageni wengine wote wanaomezea mate kiti hicho hicho: Mghana, Mnigeria, Mcongo, Mbrazil. Na lazima acheze namba ambayo klabu iko tayari kuitumia kiti. Kuna dili nyingi zinakufa hapo, kabla hata bei haijatajwa. Ajenti anapiga simu, anaambiwa kijana ni moto, tumempenda, lakini nafasi za wageni zimejaa. Mazungumzo yameisha.

Na viti vikijaa, kila anayeingia lazima amtoe mtu. Watanzania wana jina la hiyo kitu: mchezaji amepewa "thank you." Klabu inaweka picha yake na maneno matamu, kumbe kuna mgeni mpya ameshatua uwanja wa ndege. Saa zingine aliyetolewa bado ana mkataba, kwa hivyo klabu inabidi imlipe aende, ama imtafutie pa kumkopesha, ama ikae naye bila kumsajili kwa ligi huku akifanya mazoezi kama mtu wa kawaida wa gym. Hapo usajili wa mtu mmoja umegeuka kuwa usajili wa wawili, na dirisha linafungwa saa sita usiku. Ndio maana unaona dili imekamilika kila kitu, vipimo vya afya amepita, halafu kimya.

Kwa hivyo mtu akikwambia kota ni sheria ndogo ya kulinda wenyeji, mwambie kota ndiyo inaamua nani anauzwa, lini, na kwa namba gani uwanjani.

Hata wazungu walichomeka

Msidhani ni sisi tu. Novemba 1994, Manchester United walienda Barcelona wakapigwa 4-0. Wakati huo UEFA ilikuwa na kikomo cha wageni, na kwa Waingereza hata Mskoti na Mwelsh walihesabiwa wageni. Alex Ferguson akaamua kumwacha nje Peter Schmeichel, mmoja wa makipa bora duniani, kwa sababu ni Mdenmark na alihitaji kiti hicho kwa mtu mwingine. Romário na Stoichkov wakafanya vile walitaka.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Desemba 1995, mahakama ya Ulaya ikatoa uamuzi wa kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyekuwa amezuiwa kuhamia Dunkerque ingawa mkataba wake umeisha. Mnajua ile sehemu ya mchezaji kuondoka bure mkataba ukiisha. Sehemu ya pili watu huisahau: mahakama ilisema mchezaji wa nchi ya Umoja wa Ulaya hawezi kuwekewa kota katika nchi nyingine ya Umoja huo. Mhispania akiwa Ujerumani ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine. Hebu shikeni hiyo, nitairudia.

Walio nje ya Ulaya bado wanasumbuliwa na viti. Mwaka wa 2020 Juventus walimtaka Luis Suárez, lakini nafasi zao za wachezaji wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya zilikuwa zimeisha. Njia ilikuwa moja, Suárez apate uraia wa Italia, na kwa hiyo lazima afanye mtihani wa Kiitaliano. Akaenda Perugia akaufanya, akapita. Kidogo waendesha mashtaka wakafungua uchunguzi wakisema mambo ya mtihani yalipangwa mapema. Dili ikakufa, akaenda Atlético Madrid, akafunga magoli 21 na wakachukua La Liga. Straika mkubwa hivyo, na kitu kilichomzuia ni rangi ya pasipoti.

Na wetu? Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa Parma, Manchester City wakamtaka. Sheria ya Uingereza ya kibali cha kazi wakati huo ilitaka nchi yako iwe ndani ya 70 bora za FIFA. Kenya haikuwa. Haijalishi Mariga alikuwa anacheza Serie A kila wiki na anawasumbua watu. Alihukumiwa kwa matokeo ya Harambee Stars. Kibali kikakwama, City wakaachana naye. Bahati yake Inter Milan walikuwa macho, wakamchukua dirisha hilo hilo, na mwezi Mei Inter ikabeba Champions League. Lakini fikiria mchezaji mwingine ambaye Inter haikuwa imemwona. Huyo hadithi yake inaishia kwa kibali.

Mimi hiyo kitu naijua kwa njia yangu. Niliacha campus. Kuna ofisi moja hapa Nairobi iliwahi kuona video zangu, wakasema kazi ni safi, wakaniita. Tulipofika mezani swali la kwanza likawa digrii iko wapi. Video zilikuwa zile zile walizozipenda asubuhi. Sijawahi kusema shule ni mbaya, na msinilishe maneno. Nasema tu najua vile mtu huhisi akipimwa kwa karatasi wakati kazi yenyewe iko hapo mbele ya macho.

Sisi ni wauzaji, tunashangilia ukuta wa nini?

Hii ndiyo sehemu inaniuma. Kenya hatununui wachezaji duniani. Tunauza, ama tunajaribu kuuza. Michael Olunga amecheza Sweden, China, Uhispania, Japan na Qatar. Mwaka wa 2020 akiwa Kashiwa Reysol alifunga magoli 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japan. Victor Wanyama alipita Ubelgiji, Scotland, Uingereza, akaenda Canada kwa ligi ya MLS, ambako nafasi ya mchezaji wa kigeni ni kitu klabu zinauziana zenyewe kama kiosk. Francis Kahata na Joash Onyango walitoka Gor wakaenda Simba. Duke Abuya yuko na historia yake pale Yanga.

Kila mmoja wao huko alikoenda aliingia kama mgeni. Mchezaji wa Kenya ni mwenyeji kwa nchi moja tu duniani. Kwingine kote ni mgeni anayetafuta kiti. Kwa hivyo kila kota iliyoko duniani, isipokuwa yetu, inamzuia yeye. Halafu sisi tunasimama upande wa kota! Ni kama muuza mitumba anaandamana kutaka mitumba ipigwe marufuku.

Na mlango wa karibu kuliko yote ni Dar es Salaam. Huko kuna pesa sasa hivi, kuna mashabiki wamejaa, kuna mechi za CAF. Ligi ya Tanzania inaruhusu wageni 12 kwa klabu. Sisi watano. Yaani wao wametufungulia viti kumi na viwili na sisi tunawaonyesha vitano, na bado tunalalamika kwamba wachezaji wetu hawaendi nje.

Kota imetulinda na nini?

Sasa wacha tuangalie hiyo hoja ya kulinda vijana. Kama wageni wengi wanaua timu ya taifa, Taifa Stars ingekuwa imezikwa zamani. Lakini Tanzania ilicheza AFCON ya 2019, ikacheza ya 2023, ikacheza ya 2025. Sisi tulicheza ya 2019, basi. Ya 2023 hata hatukushindania kwa sababu FIFA ilikuwa imetufungia, na hilo halikuletwa na Mganda yeyote.

Utaniambia CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za nyumbani, tulifika robo fainali Agosti 2025. Kweli, na nilipiga kelele mpaka sauti ikaenda. Lakini Tanzania nao walifika robo fainali ile ile, na wachezaji wa ligi ya wageni 12. Kama kota yetu ingekuwa dawa, si tungekuwa tumewaacha mbali?

Wajanja watasema, "Buda, Tanzania ni pesa, si kota." Hiyo nakubali nusu. Azam wameweka pesa kwa haki za matangazo, Simba na Yanga wana wadhamini, na bila hiyo wageni 12 wangekuwa madeni 12. Lakini hiyo nusu ninayoikubali inawamaliza nyinyi. Kama shida yetu ni pesa, basi kota haitibu chochote. Gor na Ingwe wote wamewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya kutolipa watu wa nje waliowaajiri. Kikomo cha wageni kilikuwepo na deni likaingia. Mtu asiyelipa wageni watatu hatalipa wenyeji ishirini na watano pia. Uliza mchezaji yeyote wa ligi yetu mshahara wake wa mwezi uliopita uliingia lini.

Na hawa majirani mnaowaogopa, wametufanyia nini kibaya? Khalid Aucho, Mganda, alipita Tusker na Gor. Mwaka wa 2015 Gor ilibeba ligi bila kupoteza mechi hata moja na yeye akiwa pale kati. Kuna kiungo yeyote Mkenya aliyecheza naye ama dhidi yake akatoka akiwa mbaya zaidi? Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge, Wanyarwanda, waliibeba Gor. Juni 2018 Gor ikaifunga Simba kule Nakuru kwenye fainali ya SportPesa Super Cup na kupata tiketi ya kwenda kucheza na Everton Uingereza. Simba walifanya nini? Hawakulia kwamba wageni wametuonea. Walimchukua Kagere muda mfupi baadaye, na akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Wao waliona mchezaji. Sisi tulikuwa tunahesabu pasipoti.

Halafu kuna Mbwana Samatta. Alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe, Lubumbashi. Wacongo wangeweza kusema wana mastraika wao, na ukweli wanao wengi. Walimpa kiti. Mwaka wa 2015 Mazembe wakabeba ubingwa wa Afrika, Samatta akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Januari 2016 akaenda Genk, na 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Premier League. Ngazi yake ya kwanza ilikuwa nchi jirani. Sasa niambie kijana wa Kakamega ama Kisumu ngazi yake ya kwanza iko wapi, kama kila jirani atafanya vile nyinyi mnataka tufanye.

"Lakini vijana watakosa namba"

Hii ndiyo hofu ya kweli, na siwezi kuicheka. Klabu ikiruhusiwa kusajili majirani wengi inavyotaka, kuna mwenyekiti mvivu ataacha kabisa kukuza watoto. Yuko, tunamjua.

Lakini dawa ya huyo ipo na haihitaji kuangalia pasipoti. UEFA inazitaka klabu kwenye mashindano yake ziwe na wachezaji wanane waliofunzwa nyumbani katika orodha ya 25. Kigezo ni ulilelewa wapi kisoka: miaka mitatu kwa klabu ama nchi hiyo kati ya umri wa miaka 15 na 21. Ndio maana Cesc Fàbregas, Mhispania, alihesabika wa nyumbani pale Arsenal. Sheria kama hiyo inamlazimisha mwenyekiti mvivu ajenge timu ya vijana. Kota ya wageni haimlazimishi kujenga chochote. Inamzuia tu kununua Mganda wa sita, halafu anaenda kumnyang'anya mchezaji klabu ndogo ya hapa hapa bila kulipa vizuri.

Kwa hivyo mkitaka kulinda vijana, lindeni mazoezi yao, lindeni mishahara yao, lindeni dakika zao uwanjani kwa sheria ya waliolelewa nyumbani. Hapo nitasimama na nyinyi.

Njia iko, na wenzetu wameipita

Hakuna kitu kipya ninachobuni hapa. Mwaka wa 2018 Tunisia iliamua wachezaji kutoka Algeria, Morocco, Libya na Misri wasihesabiwe wageni kwenye ligi yao. Jirani ni jirani. Japan wana nchi washirika kama Thailand na Vietnam, mchezaji wa huko hali kiti cha mgeni. Na Ulaya, nilisema nitairudia, wamecheza hivyo tangu kesi ya Bosman.

Sisi tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake kuna habari ya wafanyakazi kuvuka mipaka kwenda kutafuta kazi. Ni kweli kila nchi iliweka orodha yake ya kazi gani zinafunguliwa, na mpira haukuwa kwa akili ya mtu. Sawa, uwekwe sasa. Congo imeingia Jumuiya 2022. Tunaandaa AFCON 2027 pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, viwanja vitatu vya mataifa vikiimba mashindano mamoja. Tunaweza kupokea Afrika nzima pamoja lakini Mganda akivaa jezi ya Ingwe tunamwita mgeni?

Ninachotaka FKF ifanye ni vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji uwanja mpya wala pesa za serikali.

Moja, mchezaji yeyote wa nchi za Jumuiya asihesabiwe kwenye wale watano. Tuanze sisi, halafu tukae mezani na TFF, FUFA na wengine tukiwa na kitu mkononi cha kudai turudishiwe. Mtu anayefunga mlango wake hana uso wa kuomba wa jirani ufunguliwe.

Mbili, kila klabu iwe na idadi ya lazima ya wachezaji waliolelewa hapa, na wawe kwenye kikosi cha siku ya mechi, si kwa karatasi tu.

Tatu, klabu yenye deni la mishahara isisajili mtu, awe wa Kisii ama wa Kigali. FIFA isingoje kutufanyia hiyo kazi kila mwaka kama sisi ni watoto.

Kuna kijana sasa hivi anacheza beki wa kulia kwa timu ya daraja la chini, ana miaka 19, na akili yake yote iko Dar. Hajui kota ni nini. Siku ajenti atamwambia "nafasi za wageni zimejaa," atadhani hakuwa mzuri vya kutosha. Mnaoshangilia kikomo mwambieni ukweli basi: kwamba mlikubali sheria hiyo ni nzuri, mradi ikimpata mtu mwingine.